Mwanamke wa Kwenye Kopo

Yule mwanamke wa kwenye kopo alikuwa akimcheka Mwamvita tangu asubuhi. Kopo lenyewe lilikuwa dogo, bapa, la bati jekundu, na juu ya kifuniko chake alichorwa mwanamke wa Kizungu mwenye nywele za mawimbi na meno meupe pee, kichwa na mabega, basi. Mteja mmoja alikuwa amelisahau barazani. Au pengine hakulisahau. Wanawake wa Bukoba wanajua sana kusahau vitu mahali vitakapouma. Mwamvita alilifunika kwa kitambaa. Baada ya kitambo akakiondoa kitambaa, akalifungua kopo, akanusa, akalifunga kwa kishindo. Harufu ilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililomkera zaidi.

Huo ulikuwa mwaka wa hamsini na nne. Kahawa ilikuwa imepanda bei mpaka wakulima wa Kanazi na Izimbya wakaanza kuezeka nyumba kwa mabati, na wake zao wakawa wanateremka mjini kununua vitu ambavyo mama zao hawakuwa hata na majina yake. Mwamvita alikuwa ameingojea neema hiyo kwa miaka kumi na mitano. Marehemu mumewe Uledi, fundi cherehani aliyetoka Bagamoyo, hakumwachia mali ya kujivunia, lakini mama yake Uledi alimwachia mkwewe ujuzi wa kupika mafuta ya mwili. Kule pwani walitumia nazi na ufuta. Mwamvita, mzaliwa wa Bukoba, alijua wenyeji wanapenda nini: alichukua siagi ya ng'ombe, ile ile ambayo wanawake wa Kihaya wamejipaka tangu enzi za mabibi zao, akaichemsha kwa moto wa kubembeleza, akatia vipande vya udi, karafuu na mawaridi makavu, akachuja, akajaza vibuyu vidogo na kuviziba kwa jani la mgomba. Alipika mlango umekomewa. Hata Siti, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, hakuwahi kuona ndani ya sufuria ile, na Siti alikuwa mtu wa kuona mengi.

Biashara yake ilisimama juu ya jambo moja. Binti wa Kihaya akishachumbiwa huwekwa ndani wiki kadhaa, jua lisimpige, akinyweshwa maziwa na kupakwa mafuta asubuhi na jioni chini ya macho ya bibi yake. Siku anapotoka, kila mwenye binti huuliza: huyu kapakwa nini? Kwa hiyo Mwamvita hakuhitaji kuwabembeleza wanawake mia. Alihitaji bibi harusi mmoja tu wa nyumba kubwa, mwanzoni mwa msimu, na waliobaki walikuja wenyewe. Mwaka huo bibi harusi huyo alikuwa Jovitha binti Rugaibula, wa Kanazi, na vibuyu kumi na viwili vilikuwa vimeagizwa. Akiikosa harusi hiyo, msimu mzima umekwenda, na yeye atarudi sokoni kukaanga vitumbua kama alivyofanya mwaka aliofiwa, moshi machoni tangu alfajiri. Alikuwa na miaka hamsini na mbili sasa. Vitumbua hakuvitaka hata kwa kuvila.

Na sasa balaa lilikuwa limekuja kwa baiskeli. Josia, aliyekuwa mwalimu katika shule moja ya Kilutheri, aliacha chaki akawa wakala wa kampuni ya vipodozi ya Nairobi. Walimpa baiskeli, tai, na sanduku la makopo mekundu ya krimu iitwayo Stela. Kila siku akipita mbele ya baraza alishuka ardhini kabisa ili asalimie, maana alikuwa kijana wa watu, kalelewa akaleleka.

"Shikamoo, Mama Mwamvita."

"Marahaba, Josia. Leo unakwenda kuwadanganya wapi?"

"Izimbya, mama. Uongo ukibaki nitaupeleka Muleba."

"Kizuri chajiuza, mwanangu. Kibaya ndicho chajitembeza."

"Ndiyo maana kimepewa baiskeli, mama, kisichoke njiani."

Mwamvita aliuma mdomo asicheke. Hakuna mshindani mbaya kama yule unayempenda. Lakini siku hiyo Josia hakuondoka upesi. Alitoa barua mfukoni, akaikunjua kwa fahari, akasema, "Wakubwa wangu wana akili, mama. Wameniandikia nitafute bibi harusi mmoja wa nyumba kubwa, nimpe krimu bure, na wilaya nzima itamfuata. Nimesikia kuna harusi Kanazi."

Mwamvita jambo hilo alilijua miaka kumi na mitano bila kuandikiwa barua na mtu. Na huyu alikuwa analipeleka bure! Nani atashindana na bure?

Hakika hasira ndiyo iliyosema alasiri ile, wala si yeye. Barazani walikuwepo wanawake watano, mmoja wao wa Muleba, aliyeleta siagi. Huyo aliliokota lile kopo jekundu, akaligeuza huku na huku, akauliza, "Mama, wewe ndiye mjuzi wa mafuta. Humu ndani wametia nini?"

"Mimi nitajuaje?" alisema Mwamvita. "Lakini hebu niambieni. Kopo la samaki lina picha ya nini?"

"Samaki."

"La maziwa?"

"Ng'ombe."

"Haya." Akalisimamisha kopo mbele yao. "Hapa mimi naona kichwa na mabega. Kiwiliwili kimekwenda wapi? Nijibuni nyinyi wenye macho."

Walicheka mpaka mmoja akaegemea ukuta. Mwamvita mwenyewe alifuta machozi kwa upindo wa kanga. Ulikuwa mzaha, na mzuri pia.

Mzaha huo ukapanda basi na yule mama wa Muleba. Huko Muleba ukasimuliwa mara tatu, na mara ya tatu kicheko kikawa kimeachwa nje. Ukavuka kwa mtumbwi hadi kisiwani Bumbire, na Bumbire walikuwa na neno tayari la kuuvika: mumiani. Wavuvi wakaapa kuwa huko Nairobi watu hukamatwa usiku, wakakamuliwa mafuta, na picha juu ya kopo ni ya marehemu mwenyewe, ili mnunuzi ajue anampaka nani. Wiki mbili baadaye habari ilirudi Bukoba, na Siti ndiye aliyeileta, mbio, kanga moja begani na nyingine mkononi.

"Umesikia? Muleba wameyazika makopo yote ya Stela! Wameyachimbia kaburi hasa, na mzee mmoja akayaombea. Na mwenye duka la Bumbire katupa boksi zima ziwani."

"Makubwa! Kwa nini?"

"Mafuta ya watu, mwenzangu! Lisemwalo lipo."

Sitaki kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa: Mwamvita alifurahi. Wateja waliompotea walianza kurudi mmoja mmoja, wengine wakinong'ona kana kwamba wametoka kuiba. Kila aliyemuuliza kuhusu mumiani alimjibu, "Mimi simo, mama, mimi napika siagi." Siku mbili akaimba nyimbo za harusi jikoni, mlango umekomewa.

Siku ya tatu Josia alipita akiikokota baiskeli. Gurudumu la mbele lilikuwa limepinda, na juu ya jicho alikuwa na jeraha lililofungwa kitambaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. We Josia, umefanywa nini?"

"Mawe, mama. Wanafunzi wangu mwenyewe, niliowafundisha kusoma." Akajaribu kucheka, kicheko kikakwama. "Wewe ni mtu mzima, mama, tena umenitangulia katika kazi hii. Hebu niambie, nimewakosea nini?"

Mwamvita alimvutia kigoda. Akasema pole. Akamletea chai, akamwongeza sukari, kisha akamwongeza tena, mpaka kijana akasema imetosha.

"Kesho naipeleka krimu kwa Mzee Rugaibula," Josia alisema akirudisha kikombe. "Pale nikifukuzwa, basi, nairudisha baiskeli ya watu."

"Usiende," Mwamvita alisema.

"Wewe utakwenda, mama?"

"Mimi nimeitwa."

"Na mimi nimetumwa," alisema Josia, akaendelea kukokota baiskeli yake.

Jioni ile Mwamvita alijitetea mbele ya sufuria. Uongo hakuusema, aliuliza swali tu. Kuuliza si dhambi. Waliotia mumiani ni wa Bumbire, na yeye Bumbire hajawahi hata kufika. Aliyapanga maneno hayo vizuri, yakapangika, na bado mkono uliokoroga ulikuwa mzito. Mafuta ya sufuria ile yaliungua kidogo, jambo ambalo halijapata kutokea tangu aanze kazi.

Asubuhi alipanda lori lililokuwa likienda kuchukua kahawa, kapu la vibuyu kumi na viwili mapajani, na kabla jua halijawa kali alikuwa Kanazi. Alisikia kelele kabla hajaiona nyumba. Uani kwa Rugaibula, chini ya migomba, vijana kama kumi walikuwa wamemzunguka Josia. Sanduku lake limepinduliwa, makopo mekundu yametawanyika nyasini, na wanawake wale wa kwenye vifuniko wote wanatazama juu wakicheka. Mlangoni, juu ya kigoda, alikaa Bi Kokuberwa, mama yake Rugaibula, bibi wa bibi harusi, mkongwe mwembamba mwenye macho yasiyochoka. Jovitha mwenyewe alikuwa ndani. Sehemu ya uso wake ilionekana nyuma ya pazia.

"Nyegera waitu," Mwamvita alisalimu, na watu wakampisha.

"Umekuja kwa wakati wake, mwanangu," alisema Bi Kokuberwa.

Rugaibula akamjia na kopo mkononi. Hakuwa mtu wa kelele, ila shingo ilikuwa imemvimba. "Mama Mwamvita, sisi ni wakulima. Mafuta ni kazi yako wewe. Watu wanasema hii imetoka katika mwili wa mtu. Ukisema ndivyo, huyu anafungwa kamba leo hii hadi barazani kwa mkuu wa gombolola, ikiwa vijana hawa watamfikisha mzima. Ukisema sivyo, tutakusikia."

Basi ndivyo mambo yalivyokuja kuwa mepesi. Hakutakiwa kutamka hata neno. Angetikisa kichwa tu kwa huzuni, kama mtu asiyetaka kusema mabaya ya mwenzake, na Stela ingekufa na kuzikwa kuanzia Bukoba hadi Biharamulo. Harusi ingekuwa yake, na ya mwaka ujao, na nyingine. Akamtazama Josia amwone walau kwa mara ya mwisho kama mshindani. Josia alikuwa anamtazama yeye, na uso wake ulikuwa umetulia. Alikuwa ametulia kwa sababu yeye Mwamvita amefika. Alimwamini.

Mungu wangu, alijisemea, si angenichukia tu.

"Maneno ya kiwiliwili," Mwamvita alisema, na sauti ikamtoka nyembamba, "ni yangu."

"Yapi?" aliuliza Rugaibula.

"Ya picha. Ya kopo la samaki na kopo la maziwa. Niliyasema mimi, barazani kwangu, niwachekeshe wateja. Niliogopa huyu kijana atanichukulia harusi hii. Mumiani sikumtia mimi, lakini mlango niliufungua mimi."

Hakuna aliyekasirika upesi. Walikuwa bado wanalihesabu jambo lenyewe vichwani. Mwamvita alihisi aibu ikimpanda kutoka miguuni, moto mtupu, na katikati ya aibu hiyo kifua kikawa chepesi kwa mara ya kwanza tangu siku ya mawe.

"Hivyo ndani ya kopo mna nini?" aliuliza Bi Kokuberwa.

"Kwa harufu, nta, mafuta ya mimea na manukato. Si mtu, bibi."

"Kwa harufu." Mkongwe alivuta kile kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna kilichokuwa miguuni pake, akachukua punje mbili, akatia moja kinywani mwake mbele ya wote, akaitafuna bila haraka, ndipo akampa Mwamvita ya pili. "Kwetu mwenye nyumba hutafuna kwanza, mgeni aone hakuna sumu. Huyu kijana wiki ya ngapi anagawa mafuta yake hapa Kanazi? Anagawa, anagawa, yeye mwenyewe uso mkavu kama gunzi. Mimi hata kabla ya huyo mumiani wenu sikumwamini."

"Lakini bibi," alisema Josia, "ni krimu ya wanawake. Kampuni haikusema..."

"Kampuni ina uso?" aliuliza Bi Kokuberwa.

Hapo mtu mmoja akacheka, na wengine wakapata ruhusa. Mwamvita alilichukua kopo mkononi mwa Rugaibula, akalifungua, akachota kwa vidole viwili. Na hapo, amini usiamini, mkono ulimganda hewani. Je, kama ni kweli? Yeye alinusa tu. Ndani ya kiwanda hakuwahi kuingia. Mzaha wake mwenyewe, alioutunga kwa kinywa chake, ulimwinukia pale pale ukamtisha, na mwanamke wa kwenye kifuniko akawa anamtazama kama anayemngoja. Ulimi kweli huponza kichwa, na leo uliponza mashavu. Akasema Bismillahi kwa sauti, akajipaka paji la uso, pua, mashavu na kidevu, akaeneza vizuri kama anavyofundisha wateja, toka chini kwenda juu. Ilikuwa baridi. Ilikuwa laini kuliko alivyotaka iwe.

"Wewe, lete uso," alimwambia Josia.

"Mama, mbele ya watu?"

"Lete uso, mwanaharamu wewe, nimetukanika kwa ajili yako!"

Akampaka Josia kuanzia kwenye nywele hadi kwenye tai, akizunguka jeraha kwa uangalifu. Kijana alisimama wima amefumba macho, anang'aa kama bibi harusi wa pili, na ua zima likaangua kicheko, hata wale waliokuwa wameshika fimbo. Nyuma ya pazia Jovitha alicheka mpaka akakohoa. Rugaibula akageuza uso upande wa migomba, mabega yakitikisika.

Kicheko kilipopungua, Mwamvita akaliinamia kapu lake. Alijua sasa anaweza kufukuzwa, na ilikuwa haki. "Bibi, mimi nimekosa. Nitarudi na vibuyu vyangu."

"Nani kakuruhusu? Keti chini." Bi Kokuberwa aliwatazama wote wawili, nyuso mbili zinazometa, kwa muda mrefu kama mtu anayechagua ng'ombe. "Mlikuwa mnagombania mjukuu wangu bila kuniuliza. Sasa nisikilizeni. Jovitha ana mashavu mawili. Shavu la kulia la Mwamvita, la kushoto la Josia. Jumapili ijayo mtakuja wote, tutamtoa mlangoni kwenye mwanga, nami nitatazama. Na nyinyi wenyewe mtakuja mmejipaka. Sitaki mfanyabiashara mwenye uso mkavu hapa."

"Na mwili, bibi?" aliuliza Mwamvita, maana biashara ni biashara.

"Mwili ni wa siagi, kama wangu, kama wa mama yangu. Lakini mimi nitaiona inavyopikwa. Ukija, njoo na sufuria. Siagi ninayo."

Mwamvita alifungua kinywa kukataa. Miaka kumi na mitano mlango umekomewa. Akakumbuka makopo yale yaliyozikwa Muleba: yalizikwa kwa sababu hakuna aliyejua yamepikwaje. "Nitakuja nayo," alisema, akashangaa kuwa haikumuuma.

Walirudi barabarani pamoja, Josia na sanduku lake kichwani, Mwamvita na kapu tupu, vibuyu vimebaki kwa Bi Kokuberwa.

"Mama," Josia akasema, "yale ya kopo la samaki. Uliyatunga mwenyewe?"

"Nimekuumiza, mwanangu. Nisamehe."

"Nimekwisha kusamehe. Nauliza kwa sababu kampuni ina watu wanalipwa kutunga maneno, na hawajawahi kutunga yanayofika Bumbire kwa wiki mbili." Alijaribu kuwa na uso wa ukali, lakini krimu ilimharibia.

"Shika adabu," alisema Mwamvita, na wote wawili wakacheka kwa sauti, peke yao barabarani.

Penye njia panda, mahali lori husimama, palikuwa na mama mmoja ameketi na mikungu yake ya ndizi akingoja mnunuzi. Mwamvita hakumjua, wala yeye hakujua lolote la Kanazi. Aliwasalimu, akaendelea kumkodolea Mwamvita macho kwa wivu mwema kabisa.

"Samahani, mama yangu. Uso unakuwaka hivyo, umepaka nini?"

Miaka yote hiyo Mwamvita alikuwa akilisubiri swali hilo njiani, na jibu lake alikuwa nalo ulimini kila alfajiri. Josia alilitua sanduku, akajishughulisha na kamba yake.

"Nimepaka ya huyu," alisema Mwamvita. "Inaitwa Stela. Kesho kutwa nitapita tena hapa nimepaka ya kwangu. Unitazame vizuri, mama, uniambie kweli."

Yule mama akainuka polepole, akafuta kidole chake kwenye kanga, akausogelea uso wa Mwamvita, akamgusa shavu. Akakisugua kile kidole kwa dole gumba, akanusa. Mwamvita alisimama juani, akingoja aseme.